Hendeli Kwapani

Bwana Mkaguzi alipokuwa akiingia Konde hakuna aliyemshughulikia. Alikuwa mtu na baiskeli yake tu, suruali imefungwa kamba ya usumba kifundoni isije ikaliwa na mnyororo, kofia ya viua imeshasahau ilikuwa rangi gani. Alipokuwa akitoka ndipo watu walipoacha kazi zao wakamtazama kwapa. Kwapa likiwa tupu, alhamdulillahi, lori la mtu litatengenezwa. Likiwa limebana hendeli, basi kuna mwenzetu amefilisika, na wanawake wakaanza kuulizana ni nyumba gani ya kupelekewa pole.

Hendeli, kwa wasioijua, ni kile chuma kilichopindwa ambacho dereva alikichomeka mbele ya lori na kukizungusha mpaka injini ikohoe na kuwaka. Malori yetu ya wakati ule, yale ya bodi za mbao yaliyokuwa yakibeba watu, ndizi na karafuu kutoka Konde kwenda Wete, hayakuamka bila ya chuma kile. Kazi ya Bwana Mkaguzi ilikuwa ya bima. Lori likianguka au kugongwa, kampuni ya Unguja haikukubali kulipa kitu mpaka yeye aje, alale chini yake, aligonge kwa kinyundo chake, kisha aseme: hili litengenezwe, au hili limekufa. Karatasi aliiandika na ikenda Unguja, na jibu lilirudi linapojua lenyewe. Lakini Konde hapakuwa na aliyesubiri karatasi. Likifaa kutengenezwa, alimrudishia mwenyewe hendeli mkononi. Likiwa limekufa, aliitia hendeli kwapani, akapanda baiskeli yake, akaenda nayo Wete bila kugeuka nyuma.

Nilimuuliza siku moja kwa nini afanye vile, maana ilikuwa kama kumpora mtu. Alikuwa anakunywa chai yangu. Mimi nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi kwetu, nauza chai na vitumbua pale panapopakia malori, na ulimi wangu wakati ule haukuwa na kufuli. Akanitazama kwa utaratibu wake.

"Mtu ukimwambia gari lake limekufa, ukamwachia hendeli," alisema, "hujamwambia kitu."

Nyumba ya mama yangu ilikuwa imepakana na uwanja wa gereji, na ndiyo sababu ya sisi kumjua kuliko wengine. Mara ya kwanza alikuja kuomba jamvi la kulalia chini ya gari. Mama akampa. Lilirudi limejaa mafuta machafu, na mama, badala ya kukasirika, akalitundika nyuma ya mlango na kusema hilo sasa ni jamvi la Bwana Mkaguzi, mtu asilikalie. Tangu hapo akifika tu, kabla ya kwenda gereji, alisimama mlangoni petu na kubisha hodi.

"Bi Mkubwa, nimekuja kuchukua kitanda changu."

"Chukua mwanangu. Lakini ngoja kwanza niwafukuze bata."

Maana mtu yule, aliyelala chini ya malori yaliyopandishwa juu ya magogo bila hata kupepesa macho, aliogopa bata. Si nyoka, si mbwa. Bata. Tuliwafuga watatu wanne, na kila walipomwona walimfuata na shingo zao ndefu, naye akarudi kinyumenyume ameinua baiskeli mbele yake. Watoto wa mtaa walikuja kuangalia hilo peke yake.

Na hakupanda gari. Kutoka Wete mpaka Konde kuna milima, na malori yalimpita yakipiga honi, madereva wakimwita apande bure, naye akipunga mkono na kuendelea kusukuma baiskeli. Wakasema anaringa. Wengine wakasema ni bahili wa fadhila, hataki deni la mtu yeyote ambaye kesho huenda akaja kumuulia gari lake. Mimi nilimchokoza: "Weye unayajua magari kuliko wote, mbona huyapandi?" Akasema kwa ile lafudhi yake ya Unguja iliyotuchekesha: "Ndiyo maana."

Alikuwa na maneno yake. Rangi mpya aliiita shati. Akiona lori linang'aa alisema, "Shati zuri. Sasa tuone mbavu." Dereva akianza kueleza ajali ilivyotokea, alimnyamazisha kwa kiganja. "Nyamaza kwanza, chuma kiseme. Chuma hakina adabu, hakijui kumsetiri mtu." Mtu aliyegongwa ubavuni akadai apewe na taa mpya na viti vipya, alijibiwa kuwa aliyevunjika mkono hawekewi meno.

Siku moja alikuja kukagua gari dogo la mwenye duka mmoja wa hapo Konde. Boneti lilikuwa limebonyea katikati, na mwenye duka aliapa kuwa limegongwa na lori lililokimbia asilijue. Bwana Mkaguzi akalizunguka. Akainama akalinusa boneti. Akapitisha kidole kwenye ufa, akakitazama, akakinusa tena. Kisha akamgeukia mwenye duka na sura ya huruma kabisa.

"Lori lililokugonga lilikuwa limeiva," akasema.

Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mfenesi. Konde nzima ilicheka wiki ile, na mwenye duka mwenyewe alicheka mwisho, kwa sababu Bwana Mkaguzi hakumshitaki popote. Alimwambia tu akate tawi.

Lakini wanaosema alikuwa mkavu hawakumwona akiua gari. Mimi niliona mara nyingi kutoka dirishani kwetu. Akishamaliza, akishatoka kwenye jamvi na kujipangusa mikono, alimwendea mwenye lori, akamshika bega, akamwambia, "Panda. Kaa nalo kidogo." Mtu akapanda, akakaa mbele ya usukani. Wengine walishika usukani tu. Wengine waliinamisha kichwa. Yeye alisimama mbali, mgongo kawapa, anaangalia mikarafuu kama mtu aliyekuja kununua shamba. Hakuwaharakisha. Wakishashuka wenyewe ndipo alipoitia hendeli kwapani.

Nayaeleza haya kwa sababu nataka ijulikane kuwa mtu yule hakuwa dhaifu, wala hakuwa na moyo wa jiwe. Alijua kuwapa watu habari mbaya wakaipokea. Mara moja tu hakuweza, na mara hiyo ilikuwa kwetu.

Kaka yangu alikuwa na lori. Lilinunuliwa kwa mikarafuu ya urithi wa baba, kwa hiyo kwa mama lori lile lilikuwa mume, shamba na mtoto kwa pamoja. Mvua za masika ziliitelezesha barabara, kaka akakwepa mzee aliyekuwa akivuka na mzigo wa makuti, lori likaingia mtaroni na kujipigiza kwenye mnazi. Kaka alitoka mzima, amechubuka kipaji tu. Likaburutwa mpaka gereji, na mama akachinja bata mmoja kwa shukurani.

Bwana Mkaguzi alipokuja aliambiwa mmoja wa maadui zake keshaliwa. Alicheka. Akachukua jamvi lake akaenda.

Alikaa chini ya lori lile muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Nilisikia kinyundo kikigonga, kikinyamaza, kikirudi kugonga pale pale. Alipotoka alikuwa na chaki mkononi. Alikuwa amezungushia duara jeupe kwenye chesisi, zile boriti mbili za chuma zinazobeba lori zima, mahali ilipopinda na kupasuka. Hakujipangusa mikono. Akamwendea kaka, akamshika bega.

"Panda. Kaa nalo kidogo."

Kaka alikuwa kijana mwenye maneno mengi na mzaha. Hakujibu. Alipanda akakaa, na nikaona mabega yake yanatikisika. Mama alikuwa amesimama na mimi dirishani, na aliyaona vilevile.

Basi Bwana Mkaguzi akaitia hendeli kwapani akaja kurudisha jamvi. Njia ya kutoka gereji kwenda barabarani ilipita mbele ya mlango wetu, na mlangoni mama alikuwa keshatoka. Alivua kanga yake ya mabegani, ile ya kisutu ya mjini, akaitandika chini, njia nzima, kutoka ukuta mpaka ukuta.

Kwetu kanga hutandikiwa bi harusi akiingia, na anayerudi Hija. Mtu akikutandikia kanga amekupa heshima ambayo hana nyengine juu yake, na utapitaje juu ya heshima ya mama wa mtu nawe umebeba msiba wake?

"Pita mwanangu," mama akasema. "Lakini ukipita, pita mikono mitupu."

"Bi Mkubwa, usinifanyie hivi."

"Kwani weye huna mama?"

"Ninaye."

"Basi pita."

Alisimama na jamvi mkono mmoja na hendeli kwapani. Uso wake uliingia jasho. Akasema kwa sauti ya chini, "Bi Mkubwa, lori hili likirudi barabarani litakunjika. Sijui siku, lakini litakunjika. Na karatasi yangu itasema hivyo hivyo, sitaibadilisha."

"Karatasi andika upendavyo," mama akasema. "Miye sisomi karatasi. Hichi chuma kiache."

Akaangalia kanga. Akamwangalia mama, ambaye kichwa chake kilikuwa na ukaya tu na mabega yakiwa wazi mbele ya mwanamume asiye wake, jambo ambalo mama yangu hakuwahi kulifanya. Nadhani hilo ndilo lililomshinda. Aliinama, akailaza hendeli juu ya kanga polepole, akaliegemeza jamvi ukutani. Hata hivyo hakuikanyaga kanga. Alirudi kinyume, akazungukia nyuma ya nyumba matopeni, akachukua baiskeli yake akaondoka.

Konde nzima ilimwona akipita na kwapa tupu. Watu walikuja kutupongeza.

Karatasi ilisema kweli, kama alivyoahidi. Kampuni ilililipa lori kama lori lililokufa, ikaondoa mkono wake, na gamba la lori likabaki letu. Kaka akachukua kilicholipwa akakipeleka kwa fundi wa gereji, na fundi akaahidi ataifanya chesisi iwe mpya. Aliwasha moto wa makumbi ya nazi chini yake siku kutwa, akachochea mpaka chuma kikawa chekundu, wakakinyoosha kwa nyundo kubwa, wakakiunga, wakakipaka rangi nyeusi. Nilimsikia kaka akimwambia fundi kwa furaha, "Hata chaki ya yule bwana haionekani." Mtu alipomkumbusha maneno ya Mkaguzi alicheka. "Angelikuwa kweli kaliua, angeondoka na hendeli. Kanirudishia mwenyewe." Na hilo hapakuwa na mtu wa Konde wa kulipinga, maana ndivyo sote tulivyojua. Habari ya kanga mimi na mama hatukumwambia.

Lilifanya kazi msimu mzima wa karafuu. Mama aliitazama hendeli kila asubuhi kaka anapoizungusha, akasema bismillahi.

Msimu ulipokwisha, siku moja kaka alikuwa anatoka Makangale na shehena ya magogo. Kwenye mteremko, bila kugongwa na kitu, lori lilikunjika katikati na magogo yakaja mbele. Waliomtoa hawakuturuhusu tumwone ila uso, na uso ulikuwa mzuri, kama mtu aliyekatishwa hadithi.

Bwana Mkaguzi hakuwa na kazi tena na lori lile, halikuwa na bima. Lakini alikuja. Alikwenda kwanza pale lilipolala. Walioshuhudia walisema alijilaza chini yake na kanzu yake nyeupe ya msibani, bila ya jamvi, juu ya mawe. Chesisi ilikuwa imevunjika pale pale alipochora duara lake. Kisha akaja matangani kwetu na kanzu ile ile iliyochafuka, akakaa na wanaume barazani, akasoma nao. Baada ya hitma akamwomba mjomba amwombee ruhusa aseme neno na mama.

Nilikuwa ndani. Mama alikuwa amekaa chini, hendeli iko mapajani mwake; ilikuwa imeletwa pamoja na viatu vya kaka. Mjomba akasema Bwana Mkaguzi yuko nje.

"Mwambie nimemuuliza," mama akasema. "Mwambie, mwanamume mzima hurudishwa na kanga? Kwa nini alinisikiliza? Miye nilikuwa mama, kazi yangu kulia. Yeye kazi yake ilikuwa kuchukua."

Sauti ilitosha kufika barazani. Hakungoja mjomba amletee jibu. Nilimchungulia akisukuma baiskeli, na bata walimfuata mpaka barabarani naye hakuwaona.

Hakukagua tena gari. Alikuja mwengine kutoka Unguja, kijana mwenye miwani, mpole, anaandika huku amesimama. Hakuchukua hendeli ya mtu. Tulikuwa tukingoja karatasi.

Mama hakulia siku ile, wala baadaye. Na nililigundua taratibu jambo jengine: hakusema kaka amekufa. Alisema hayupo. Alisema kenda zake. Mtu akija kutoka mbali akauliza habari zake, mama alimjibu, "Hayupo kwa sasa." Hendeli akaifanya komeo la mlango wetu, anaipitisha kwenye pete mbili kila magharibi, anaitoa kila alfajiri, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Miaka ikapita hivyo. Macho yake yakaingia ukungu, akawa anaipapasa.

Asubuhi moja aliitoa kwenye pete na hakuiweka chini. Akaniita. Akaniagiza nimtolee sandukuni kanga ile ya kisutu, akaifunga hendeli ndani yake kwa mikono yake mwenyewe, kama anamfunga mtoto mchanga.

"Mpelekee Bwana Mkaguzi," akasema. Akaniambia na la kufanya, na maneno ya kusema, akanikaririsha mara mbili nisije nikakosea.

Nilipanda lori la Wete na mzigo wangu mapajani. Nyumba yake niliipata kwa kuulizia. Mkewe alinikaribisha, akanionyesha ndani, na jambo la kwanza nililoliona nyuma ya mlango lilikuwa hendeli, zimesimamishwa ukutani kama bakora za wageni walioingia kusali. Nyengine zilikuwa na kutu, nyengine zimepakwa mafuta. Yeye alikuwa kwenye kiti cha kamba, amekonda, ndevu nyeupe. Alinijua kwa sauti.

"Muuza chai," akasema, na akajaribu kutabasamu. Akaniona nazitazama zile hendeli. "Zote hizo unazoziona, hakuna hata moja iliyoua mtu."

Nilikaa na mzigo wangu mapajani. Akaniuliza:

"Bi Mkubwa yu hai?"

"Yu hai. Kanituma."

Nilifungua mzigo. Alipoiona hendeli alishika mikono ya kiti, nami nikaifanya kazi yangu haraka kabla sijashindwa. Niliilaza magotini mwake. Nikaenda mlangoni, nikaitandika kanga kizingitini, kutoka mwimo mpaka mwimo.

"Mama kasema: pita, mwanangu. Na safari hii pita nayo."

Mkewe alikuwa akiuliza ni nini, kuna nini. Bwana Mkaguzi aliiangalia kanga, akaiangalia hendeli magotini. Kisha akavua makubadhi, akasimama kwa taabu, akaitia hendeli kwapani. Alikuja mpaka kizingitini. Hapo alisita kama alivyosita mlangoni petu, na midomo yake ikacheza, lakini alikanyaga. Alipita juu ya kanga ya mama yangu kwa miguu mitupu, akatoka uani, akaenda mpaka barabarani, akaendelea. Mkewe alitaka kumfuata nikamshika mkono. Mumewe alikuwa akilia, nilimwona mabegani, lakini hakugeuka nyuma.

Nilirudi Konde jioni. Mama alikuwa mlangoni ananingoja, hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Kapita?"

"Kapita, mama."

"Kapita nayo?"

"Kapita nayo. Kaitia kwapani."

Alinyoosha mkono nimpe kanga. Akaipapasa mpaka vidole vyake vikafika penye vumbi la nyayo, akaviacha hapo.

"Basi," akasema, "mwanangu kafa."

Na ndipo alipoanza kulia.